Musemaji Anayeomba Maji

Ini yangu iliharibiwa na watu wema. Nasema mapema ili mutu asitafute mulozi. Walioniharibia ni wajomba, ni mashemeji, ni wenye sherehe wote kutoka Nyangezi mpaka Miti, waliokuwa wananikaribisha vizuri. Na aliyenichafulia jina ni yaya yangu, kaka mukubwa wa tumbo moja. Ninawajua wote, na wao wanajijua.

Miye ni fundi wa nguo. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primere, lakini mkasi hakuna aliyenifundisha mara mbili. Miaka ile ya Zaire kila mutu wa ofisi alitaka abakosti, lile koti la kuvaa bila tai, na miye nilikaa kwenye mashini yangu ya kushona pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, kutoka asubuhi mpaka giza. Matumbo ya wakubwa wa Ibanda niliyapima yote. Mukubwa akirudi kuongezewa kiuno, alirudi anacheka, juu tumbo ilionyesha kazi inalipa. Yangu ilipoanza kukua nilicheka vilevile. Bibi yangu alipita sokoni kichwa juu: mume wake alikuwa anaonekana.

Pombe sinywi. Watu wanapenda kusikia hadithi hapo, ya kiapo ao ya baba mulevi. Hakuna hadithi. Haikunipendeza tu.

Juu ya hiyo, jamaa ikaniweka musemaji wa mahari. Kwetu, siku ya mahari baba wa binti hasemi. Anaweka mutu wa kusema mahali pake, na upande wa kijana nao wanaleta wao. Maneno yanakwenda na kurudi tangu asubuhi, huku kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Jua likianza kushuka, wasemaji wengi wamekwisha kusahau ng'ombe walizoomba wenyewe. Miye sikusahau hata mbuzi. Jina langu likaenda mbali, mpaka familia zisizo zangu zikawa zinanifuata kwenye mashini.

Sasa sikiliza ubaya ulipoingilia. Musemaji hafungui kinywa mukavu. Wageni wanamuwekea chupa, anakunywa, ndipo neno la kwanza linatoka. Neno likikubaliwa, chupa nyingine. Mwenye kunywa pombe anapewa pombe. Miye nilipewa sukre, hiyo soda ya rangi ya machungwa, na nilipewa kwa huruma: "Maskini, papa hanywi, mumuongezee!" Kreti nzima chini ya kiti changu. Mulevi akisema ametosheka, wanamuamini. Asiyekunywa hana ruhusa ya kutosheka. Na nyumbani, juu nilikuwa mutu safi, bibi yangu alininunulia sukre ya kila jioni, zawadi ya mume mwema.

Ikaja miaka nikawa nachoka bila kazi. Kulikuwa uzito chini ya mbavu za kuume, kama mutu ameniwekea pasi ya makaa pale ndani. Yaya yangu na bibi yangu wakanipeleka hospitali. Docta akanipitisha kwenye mashini ya kuangalia tumbo, kisha akaniuliza pale kwenye korido, mbele ya wagonjwa wote:

"Papa, unakunywaka chupa ngapi kwa siku?"

"Sikunywake, docta."

"Wote munasemaka vile. Ini imejaa mafuta. Hiyo ni ini ya mulevi."

Yaya yangu hakungoja. Yeye mwenyewe kasiksi inamjua kwa jina, lakini siku ile alitoka pale kama mutu aliyeokota kitu. Kabla sijavaa shati vizuri, habari ilikuwa imepanda Kadutu: fundi anakunywa kwa siri, na kwenye sukre yake anatia kitu.

Bibi yangu ndiye alibaki na docta. Mufupi, mikono kiunoni.

"Docta, huyu hata divai ya misa hanywe. Uliza anakunywa nini."

"Anakunywa nini, maman?"

"Sukre. Asubuhi, mangaribi, na ikiwa siku ya mahari, sitaki hata kusema."

Docta akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti. Akanieleza kwamba sukari nyingi na kukaa kutwa vinaweza kuweka mafuta kwenye ini, hata pombe isipoguswa, na kwamba ikiachwa hivyo miaka na miaka, ini inaweza kukauka na kukuwa ngumu kama soli ya kiatu. Dawa hana. "Dawa yako iko kwenye miguu na kwenye sahani." Lile neno la korido hakuliomba radhi. Naliandika hapa ili alikute.

Basi nikaanza. Sukre nikaikata siku ile ile, na kichwa kiliniuma juma nzima. Bugali ikapungua ukubwa, mboga ya lengalenga ikaongezeka. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, bibi yangu akaacha kuwakaanga akawa anawachemsha na nyanya. Nilinung'unika, nikala. Kila asubuhi kabla ya mashini nilishuka mpaka Ibanda na kupanda tena kwa miguu, na mwenye kujua Bukavu anajua ile kupanda haina mchezo. Mwanzoni nilikuwa nasimama njiani nikijifanya naangalia ziwa. Baadaye niliangalia ziwa kwa kupenda.

Abakosti zangu nikazipunguza mwenyewe, mshono kwa mshono. Hapo maneno yakabadilika: fundi anakonda, pombe inamumaliza. Bibi yangu wakamwambia ananinyima chakula. Mialiko ya mahari ikakauka. Musemaji asiyekunywa, akisemwa kuwa anakunywa, ni muongo, si musemaji tena. Hilo liliniuma kuliko ini. Cherehani ilinipa chakula, lakini kile kiti ndicho kilinifanya mutu.

Ndipo binti wa yaya akapata muchumba, kijana wa upande wa Miti. Yaya akatafuta musemaji mwingine. Binti akakataa mbele ya mama yake: "Papa mudogo asiposema, miye sitoke mu chumba." Nikaitwa, bila furaha.

Wageni wakaketi. Musemaji wao, muzee wa tumbo kama ya zamani yangu, akasukuma kreti ya sukre mpaka kwenye miguu yangu, akafungua chupa.

"Fungua kinywa, shemeji."

"Asante. Mimi naomba maji ya moto."

Kukataa chupa ya kwanza ni kukataa wageni.

"Maji?" muzee akasema. "Kumbe ni kweli! Wanasema zile chupa zingine, za pombe, umezimaliza zote kwa siri."

Watu wakacheka. Yaya akainamisha kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Nikasimama.

"Muzee, ulizeni mwenye binti, iko hapa. Yaya, umeshaniona nikikunywa pombe? Sema mbele ya wageni. Juu kama musemaji wako ni mulevi na muongo, na ng'ombe nitakazoomba ni za uongo. Warudi nazo Miti."

Alimuangalia mukwe wake. Aliangalia pazia, ambako binti yake alikuwa amesimama.

"Sijamuona," akasema. "Hata siku moja."

"Sauti!" bibi yangu akaita kutoka jikoni.

"Hakunywake! Ni sukari ilimuharibu!"

Muzee wa Miti akaangalia chupa iliyo mkononi mwake, akaiweka chini polepole. "Mumuletee maji," akasema. "Na miye munipe kidogo." Tukasema mpaka jua kushuka, na sikusahau hata mbuzi.

Docta aliniangalia tena kwenye ile mashini, akasema mafuta yamepungua sana, niendelee hivyo hivyo. Nimeendelea. Nimerudi kwenye kiti, na wanaoniita wanachemsha maji kabla sijafika. Mugonjwa mwenzangu anayesoma hapa, usiogope kuyaomba. Mwenye nyumba ataaibika kidogo, halafu atapona.

Yaya hajaniomba radhi. Akinitembelea, bibi yangu anamuwekea kikombe cha maji ya moto, sawa na changu. Anayatazama, anatutazama, anakunywa yote.