Samaki Aliyekatazwa Zablon

Zablon alikuwa mchota mchanga Kendu Bay, miaka mingi akisimama ziwani maji yakimfika kiunoni. Kichocho kikamla ini polepole. Mwaka 1993 alitapika damu beseni zima, akatumwa Nairobi kupasuliwa. Wake zake wawili walitaka kumsindikiza. Akamchagua mdogo, Phanice, kwa kuwa alijua Kiswahili na angesemezana na madaktari.

Emmaculate, mke mkubwa, mzaliwa wa Rodi Kopany, alibaki nyumbani. Wiki saba alipalilia mtama huku roho ikimuuma. Kila alipowaza mwenzake amekaa kando ya kitanda amemshika mume mkono, jembe lilishuka kwa nguvu zaidi.

Walirudi. Zablon alikuwa amekonda, ana kovu refu tumboni, lakini damu ilikuwa imekoma.

"Daktari ameunganisha mshipa na mshipa," Phanice akaeleza. "Damu nyingi haipiti tena kwenye ini, kwa hivyo haisafishwi vizuri. Nyama na samaki ale kidogo sana. Na hii dawa ya kumfanya aharishe anywe kila siku, la sivyo akili itamvurugika."

"Kumbe siku hizi wewe ndiye daktari?" Emmaculate akauliza.

Aliona ni ujanja mtupu wa kumfungia mume jikoni kwa mwenzake. Zamu yake ilipofika, alienda ufukweni akachagua samaki wanono aina ya ngege, akawapika kwa nyanya na vitunguu. Zablon alikula hadi akalamba vidole.

"Hakuna anayepika kama wewe, nyar Rodi, binti wa Rodi!"

Siku tatu akampikia hivyo. Chupa ya dawa hakuigusa.

Asubuhi ya nne Zablon alikuwa akijaribu kuvaa shati miguuni. Mikono ilimtetemeka. Akamtazama mkewe, akauliza kwa adabu, "Mama, wewe ni nani? Phanice ameenda wapi?"

Emmaculate alikimbia hadi nyumba ya pili. "Njoo. Hanijui. Anakutaka wewe."

Phanice alimnywesha dawa kijiko kwa kijiko. Siku ya pili akili zilianza kumrudia.

"Nilimpa samaki," Emmaculate akasema.

"Nilisikia harufu. Nikanyamaza, nikijua utasema nina wivu." Phanice akainamisha kichwa. "Na ninao. Kwangu hajawahi kulamba vidole."

Zablon aliishi miaka minne zaidi. Siku za zamu yake, Emmaculate alimpimia dawa mwenyewe na kumpikia mboga. Lakini kwamba mumewe alipopotewa na akili alimtaja Phanice, hilo halikumtoka moyoni, wala hakuthubutu kumuuliza.