Siku niliyomkatalia bosi wangu pale uwanja wa ndege Njombe

Wakuu, nawasalimu wote, na kwa watu wa nyanda za juu, kamwene.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Na pale nilipokosea sitajificha.

Mimi ni dada wa Kibena, kwetu Kitandililo, Makambako. Nafanya kazi ops kwenye kampuni ndogo ya ndege za kukodi, Dar. Sisi ndio tunapanga safari: nani anapanda, mzigo kiasi gani, ndege inaondoka saa ngapi.

Sasa ops na marubani ni paka na panya. Wao wanasema sisi tunauza safari tumekaa kwenye kiyoyozi. Sisi tunasema wanajiona miungu wadogo.

Kapteni Hiza ndiye alikuwa anatuchosha zaidi. Kila karatasi lazima aihoji. Nilimsema sana yule baba, Mungu anisamehe.

Siku hiyo tulikuwa na wageni sita, wanunuzi wa chai waliokwenda kutembelea mashamba ya Lupembe. Bosi akanituma niende nao kwa vile ni mwenyeji. Kwenda hakukuwa na shida.

Kurudi sasa.

Saa sita mchana zikaingia pickup mbili uwanjani. Magunia ya viazi, maboksi ya parachichi, chai ya zawadi. Wenyeji wao walikuwa wamewafungashia haswa, si mnatujua Wabena!

Kapteni akatazama mzigo, akatazama manifest, ile karatasi ya abiria na mizigo niliyoiandaa Dar.

"Hizi kilo nani kaandika?"

"Mimi."

"Ulipima?"

"Niliambiwa kwa simu, kapteni. Walisema mabegi madogo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Njombe ni juu, hewa nyepesi, na jua limeshawaka; ndege inainuka kwa shida. Sirushi ndege kwa kilo za kuambiwa."

Nikampigia bosi. Akawaka: "Pakia! Huyo anatafuta sababu kama kawaida yake. Mteja huyu akitukimbia utajibu wewe!"

Wakuu, nilikaa kama dakika mbili pembeni ya ile pickup. Kazi naipenda, na nyumbani wananitegemea.

Halafu nikamwomba dereva wa pickup anipeleke mjini. Nikaazima mizani kwa mama mmoja mnunuzi wa parachichi, tukarudi nayo uwanjani.

Tukapima kila gunia, kila boksi, kila begi. Tukapima na watu. Mzee mmoja mnene akacheka, "Mimi mnanipima kama parachichi?" Hata msaidizi wa kapteni akacheka.

Jumla ikaja. Tulikuwa tumezidi uzito unaoruhusiwa kwa kilo mia mbili na kumi.

Kicheko kikaisha. Kiongozi wa wageni akanigeukia, "Ofisi yenu imeshaniambia tunaondoka na vyote."

Simu ikaita. Bosi. Nikapokea mbele yao wote.

"Bosi, nimepima. Ile karatasi niliandika mimi na nilikosea. Siwezi kuisaini tena."

"Unanikatalia?"

"Ndiyo, bosi."

Akakata.

Nikamwambia yule kiongozi, "Mzee, hapa anayeamua ni kapteni. Mzigo wako nitausafirisha mimi mwenyewe kwa barabara. Na kiti changu nakiacha."

Nikaandika manifest mpya kwa mkono, juu ya boneti ya gari. Kapteni akaisoma mara mbili, akasaini. Hakunihoji hata neno.

Ndege ilikimbia, ikakimbia, mpaka nikaanza kusali. Ikainuka. Nikawaza zile kilo mia mbili na kumi, nikakaa chini kwenye nyasi.

Mimi na madereva wa pickup tukashuka na mzigo hadi Makambako. Pale njia panda nikapata basi la Dar, wakapakia vyote, nikapewa risiti. Mimi nikaenda nyumbani Kitandililo.

Mama akashangaa, "Kulikoni, ndege imekuacha?"

"Nimeiacha mimi, mama."

Nililala vizuri ajabu.

Nilipofika Dar nikaitwa kujieleza. Nikamkuta Kapteni Hiza mlangoni kwa bosi, na siku ile hakuwa na zamu. Tukaingia wote.

"Aliyekataa mzigo ni mimi," akamwambia bosi. "Huyu alifanya kazi ambayo ops ilipaswa kuifanya siku zote. Ukimwandikia barua, niandikie na mimi."

Bosi akatuambia turudi kazini. Barua haikuandikwa. Na wale wageni wamekodi tena kwetu.

Nilichojifunza: ugomvi wetu na marubani ulinifanya nione swali la mtu kama dharau, kumbe alikuwa anauliza kuhusu roho za watu. Kosa lilikuwa langu, na kulisema hadharani ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote tangu niajiriwe. Najivunia, wakuu, sitaki kuficha.

Marubani, ops, hata madereva wa malori mnaobishana na ofisi kuhusu uzito: kwenu mnamalizanaje? Na wewe bosi unayesoma hapa, ungenifukuza? Semeni ukweli, sitanuna.