Kamba kwenye Chupa ya Dawa

Baba mmoja ni mtengenezaji wa programu za simu, na vidole vyake havitulii. Hata akila hugonga meza. Wiki nzima ameilalamikia programu mpya: ndani yake kazi mbili zinabadilisha namba moja kwa pamoja, hii inafuta iliyoandikwa na mwenzake. "Haziulizani!" husema.

Leo alirudi, akamshika mwanawe mgonjwa paji la uso, akajaza dawa ya homa kijikoni. Mkewe akamdaka mkono. "Jamani baba, nimeshampa sasa hivi!" Mume akaketi sakafuni. Kisha akavua kamba ya kitambulisho cha kazini, akaifunga chupani. "Anayempa dawa aivae. Mwingine asipoikuta hapa, aulize kwanza."

"Na zamu ya usingizi, tuifungie kamba gani?" mkewe akauliza.

Mume alikuwa ameshasinzia, kidole kimoja bado kinagonga sakafu.