Mlango wa Waridi wa Jiko la Mama Earlene

Saa mbili asubuhi, Ozella Gaddis amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni kwa watu, tochi mdomoni, akikaza bawaba ya mlango wa oveni. Nyuma yake amesimama mwenye nyumba, Earlene Stallworth, ajuza wa miaka themanini na sita, ameegemea fimbo na kuhesabu kila skrubu.

"Hiyo ya kushoto umeikaza?"

"Nimeikaza, Mama."

"Ikaze tena. Binti yangu Jonetta anatua kesho kwa Sikukuu ya Shukrani, na batamzinga wangu ana ratili ishirini na mbili."

Ozella anacheka, tochi inamtoka mdomoni.

Ana miaka sitini na minne, na hapa Detroit wanaomjua humwita tu yule mama wa majiko ya rangi. Hutengeneza majiko na mafriji ya zamani: ya kijani cha parachichi, ya njano iliyoiva, ya samawati, na mara chache sana ya waridi. Meupe hayagusi.

"Meupe yamejaa hadi kwenye majalala," anasema. "Katika majiko mia ya zamani ninayoyaona, ya rangi ni matatu. La pinki? Ukipata moja kwa miaka miwili, shukuru Mungu."

Kazi yenyewe aliianza akiwa na miaka kumi na tisa, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1991. Alikuwa akipuliza juu ya bati ule unga wa kioo ambao, ukiokwa kwenye tanuri, hugeuka rangi ngumu inayong'aa. Leo jiko moja humchukua wiki sita hadi nane. Mwaka jana, baada ya kulipia tanuri analokodi kwa wafinyanzi, alibakiwa na dola elfu ishirini na moja.

"Si utajiri. Lakini sijawahi kuamka nikaichukia kazi."

Jiko la Mama Earlene lilinunuliwa mwaka 1961, na mwenyewe anakumbuka sababu.

"Mama yangu alifanya kazi za ndani. Na mimi nilifanya. Majiko ya wenyewe yote meupe, na sisi ndio wa kuyasugua. Nilipoolewa nikamwambia mume wangu, mimi langu lisifanane na hata moja nililowahi kusugua. Akaniangalia weee! Siku ya malipo akaja na hili."

Februari mwaka huu, mafundi wa sakafu waliung'oa mlango wa oveni ili wapate kulisogeza jiko. Wakauegemeza nje, kwenye uzio. Walipoukumbuka, waokota vyuma walikwisha kupita nao.

Binti yake, Jonetta, anayeishi Georgia, akajitolea kununua jiko jipya, jeusi. Mama akakataa. Simu iliyofuata ikawa na jambo jingine: aiuze nyumba, ahamie kwake.

"'Mama, hata oveni huna,' ndivyo alivyoniambia. Alianza na jiko, akamalizia na nyumba," anasema Mama Earlene. "Namjua mwanangu. Hana ubaya, ana haraka."

Ndipo akampigia Ozella.

Ozella alitafuta miezi mitano. Alipiga simu majimbo manne, akapekua maghala ya vyuma hadi glavu zikatoboka. Mwezi wa Julai akaambiwa kuna jiko kama lile katika chumba cha chini cha nyumba moja Hamtramck, mji uliozungukwa na Detroit, kwa Zygmunt Baran, mwashi mstaafu wa miaka sabini na tisa. Lilikuwa la waridi, mlango mzima. Ndani ya oveni mzee alikuwa amepanga mitungi ya matango ya siki.

"Mlango hautoki," Baran alimkatiza kabla hajamaliza salamu. "Hili ni la mama yangu. Kabichi zote nilizokula utotoni zimetoka hapa."

"Na sasa linapika nini, mzee wangu?"

"Halipiki. Oveni imekufa miaka kumi na moja. Mafundi wote wanasema nilitupe."

Ozella anakiri kwamba alisimama pale akilipigia hesabu. Oveni ikiendelea kuwa kabati la matango, huenda ipo siku mzee angelainika. Ikipona, mlango ule asahau.

"Nilijua kabisa," anasema. "Lakini nilishachungulia nyuma nikaona ni vali tu. Vali ninayo kwenye gari! Ningelalaje?"

Alihamisha mitungi, akafanya kazi kwa saa mbili. Moto wa buluu ulipowaka, Baran alikaa kwenye ngazi akafuta macho kwa kofia yake.

"Sasa ndiyo hautoki kabisa, mama," alisema.

"Najua, mzee wangu. Nimejiponza mwenyewe."

Alipokuwa akipandisha vifaa garini, mzee akamfuata akihema. Mjane wa binamu yake ana jiko la kampuni ileile, mwaka uleule, katika banda la nyuma. Ila jeupe.

Mlango huo mweupe ulipatikana siku hiyohiyo. Kazi ikawa rangi. Ozella hakuwahi kupuliza waridi kiwandani. Alipoajiriwa, rangi hiyo ilikuwa imeshapitwa na wakati, na unga wake hauuzwi tena popote anapopajua. Akachanganya mwenyewe. Kila Ijumaa alimletea Mama Earlene kibati cha kujaribia kilichookwa, akakibandika kwa sumaku ubavuni mwa jiko.

"Hiki ni rangi ya dawa ya kikohozi," Mama Earlene aliamua. Kingine kilikuwa ufizi. Cha saba alikataa hata kukitazama mara mbili.

Kibati cha kumi na moja kilipobandikwa, ajuza alivaa miwani, akainama, akapapasa.

"Mbona hujakiweka?"

"Kipo, Mama. Umekishika."

Leo mlango umefungwa mahali pake. Mama Earlene anaufungua, anaufunga, anausikiliza unavyogota. Kisha anarudi nyuma hatua mbili.

"Umeniharibia," anasema. "Unang'aa mno. Jiko lote sasa linaonekana zee."

Halafu anamvuta fundi na kumkumbatia.

Jumatatu iliyofuata sikukuu, Jonetta alirudi Georgia peke yake. Kwa simu, alisema mjadala wa nyumba haujaisha.

"Lakini yule batamzinga," aliongeza, "alinifunga mdomo kidogo. Mama alipika siku nzima, hakukaa chini. Sikumbuki lini nilimwona vile mara ya mwisho."

Ozella yuko nyumbani kwake, anakunywa kahawa mbele ya jiko lake mwenyewe. Ni jeupe, limebanduka pembeni. La rangi likipita mikononi mwake, siku zote kuna anayelihitaji zaidi.

Januari, anasema, hatapokea kazi ya mtu. Atalivua jiko hili bati kwa bati na kulioka upya, njano.

"Vibati vya kujaribia nimeshakata," anasema, akivitandaza mezani. "Kumi na viwili. Safari hii wa kukataa ni mimi."