Mchumba Wangu Anamwimbia Mwenzake wa Kazi

Admin, nifichie jina tafadhali, maana Same ni ndogo na huyu mwanaume anaufuatilia ukurasa huu.

Mimi ni binti wa miaka 27, kwetu Mhezi, huko milimani, ila naishi Same mjini. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na mchumba wangu ni wa kazi hiyohiyo. Washenga wameshapanda mlima, wazee wameshapokea mahari, imebaki ndoa tu.

Tulipendana kazini. Tulikuwa tunaandika programu ya vikundi vya wakulima wa tangawizi kule Mamba, wawili kwa pamoja, kila mmoja anaona maandishi ya mwenzake yakitokea kwenye skrini. Huku mnaandika, majaribio ya kuikagua programu yanajiendesha yenyewe kwa nyuma. Mambo yakiwa sawa, pembeni inawaka kijani. Ukikosea, nyekundu hapohapo. Tukawekeana adhabu: atakayewasha nyekundu anampikia mwenzake chai. Jamani, yule kaka alinipikia chai! Nikawa namwonea huruma, nikidhani kazi inamshinda. Siku ya kunivisha pete ndipo akaniambia huku anacheka, "Yaani hukushtuka? Nilikuwa nakosea makusudi, nipate sababu ya kukuhudumia." Nililia kwa furaha.

Sasa amepata mradi mwingine, anaandika na dada mmoja aliyeko Dodoma. Wiki iliyopita nampelekea chakula cha mchana, namkuta na spika masikioni, nyekundu inawaka, na yeye anaimba. Anaimba! Mimi hajawahi kuniimbia hata siku yangu ya kuzaliwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Ndiyo adhabu yetu, mpenzi. Yuko mbali, chai itamfikiaje?"

Nikachungulia kosa lenyewe: amesahau kufunga mabano. Kosa la anayeanza kujifunza! Nikakumbuka ile chai. Chakula nikaondoka nacho. Jioni nilipomwambia roho inaniuma, akasema nina wivu wa kitoto, kazi ni kazi.

Basi juzi nikamwomba anisaidie kazi yangu. Tukakaa bega kwa bega kutwa nzima kama zamani, majaribio yanaenda kwa nyuma, mimi macho kwenye ile taa. Hadi maziwa ya chai nilikuwa nimenunua. Ilibaki kijani mpaka jua linazama. Hakukosea hata mara moja.

Nyumbani wanasubiri tarehe ya harusi. Nishaurini ndugu zangu, niolewe au nirudishe pete? Ila asiniambie mtu kwamba kutokosea ni jambo jema.