Sanda Iliyoletwa Maabara

Taarifa ya shule, ile ya likizo ya Juni, mimi huitoa kwenye mashine yangu ya kusaga. Wajumbe wenzangu wa bodi hupenda mkutano wa viti na meza, na maji ya chupa juu yake. Wazazi hawaji. Mwezi huo wako shambani wanavuna. Lakini mahindi yakishavunwa yatapita wapi kama si kwangu? Kwa hiyo nangoja wajae na madebe yao, nazima injini, na katika ule ukimya nasema: shule itafunguliwa tarehe fulani, choo cha wasichana kimeezekwa, kidato cha nne wako kambini wanahitaji maharage. Nikimaliza nawasha tena. Hakuna maswali marefu, kila mtu anataka unga wake.

Mimi sikusoma, na hilo nalisema kichwa kikiwa juu. Darasa la pili niliacha nikaenda Korogwe kukata mkonge. Nimebeba matita ya mkonge mpaka nyonga ya kushoto ikaanza kulalamika kama mlango mbovu. Katika mkonge nikapata mashine yangu ya kwanza, chakavu, nikaifufua kwa mikono hii. Siku nilipochaguliwa kuingia bodi ya shule yetu, huku ndani unapoiacha lami ya Kabuku, bwana mmoja wa ofisini aliniuliza nina elimu gani. Nikamwambia, "Nina mashine." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa natania.

Likizo ninayoikumbuka ni ya juzijuzi tu. Kabla shule hazijafungwa nilikwenda Korogwe mjini kutafuta beringi. Kuna Mhindi mmoja pale, duka lake nalijua tangu enzi ya baba yake. Akaniambia ana zawadi kwa ajili ya maabara yetu mpya, nikamfikishie mwalimu. Sanduku refu, jepesi kuliko lilivyoonekana.

"Mzee, usiliwekee gunia juu," akasema. "Ndani kuna mtu."

"Kama ni mtu, mbona halipi nauli?" nikamjibu. Tukacheka. Sikuuliza ni nini hasa. Mtu wa bodi haulizi ovyo dukani. Nikalifikisha shuleni, nikamkabidhi mwalimu wa bayolojia, dada mmoja kijana mpole, nikarudi kwenye unga wangu.

Shule zikafungwa, watoto wakatawanyika na habari. Mjukuu alimwambia bibi yake kwamba maabara imewekwa mifupa ya mtu, imesimama, ina meno yote. Bibi akamwambia jirani kisimani. Ijumaa ilipofika habari ilikuwa imeota miguu: kuna maiti shuleni, amefukuliwa kwenye machimbo ya dhahabu, hakuoshwa wala hakuzikwa, watoto wanasomeshwa kwa mwili wake. Mashineni kwangu wazazi wakaapa kwamba Julai mtoto wao haendi kukaa chumba kimoja na maiti asiyezikwa.

"Upuuzi!" nikawaambia. "Lile sanduku nimelileta mimi."

"Ulilifungua?" mama mmoja akaniuliza.

Nikawasha injini.

Sasa, kuna jirani yangu mmoja, mjane, mwanamke wa makamo yangu. Mwanawe wa pekee alikwenda kwenye yale machimbo ya dhahabu ya Handeni. Masika moja shimo likaporomoka. Wenzake walitolewa, yeye hakutoka. Wenye shimo wakasema hakuna mtu aliyebaki chini, labda alitoroka kabla. Wengine wakadai wamemwona mjini. Yule mama alinunua sanda, akaiweka sandukuni, akakataa matanga. Shehe wetu alimwendea mara nyingi: mama, tumswalie mwanao, swala ya asiyekuwepo ipo. Akawa anajibu lile lile, "Sitamzika mtu ambaye sijaona hata ukucha wake." Miaka ikapita hivyo. Ukipita kwake jioni unamwona ameketi akitazama njia.

Basi habari ya mifupa ya machimboni ilipomfikia, hakuuliza kama ni kweli. Alifungua sanduku lake akaitoa sanda.

Asubuhi ile nilikuwa namimina dizeli nikawaona wanakuja. Yeye mbele, sanda ameikumbatia ndani ya kanga. Nyuma yake shehe, kina mama, na wanaume wawili watatu na majembe. Akasimama mbele yangu.

"Mzee wa mashine, wewe ndiye mtu wa shule. Twende ukanifungulie. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Nimebishana na mabwana shamba, nimebishana na watu wa kodi. Huyu sikubishana naye. Nikavaa kofia, nikatangulia.

Njiani akatudaka mtani wangu, Msambaa wa Kwashemshi, mzee muuza ndizi aliyeoa huku kwetu akazeekea huku. Msiba wa Mzigua haumpiti. Kaona majembe, kaweka mkungu chini.

"Nani kafa?"

"Hatujui," nikamwambia.

"Loo, Wazigua! Mnamzika hata msiyemjua! Na mimi mtani wenu mtaninyima wali wa msiba, mtasema hamkunijua."

Hakuna aliyecheka, lakini alijitwika mkungu wake akajiunga nasi. Mtani hafukuzwi msibani.

Mwalimu alikuwa amebaki kwa ajili ya kambi ya kidato cha nne. Alipoyaona majembe akasimama wima kama mwanafunzi. "Shikamooni wazee wangu." Nikamweleza tulichofuata. Hakunitazama mimi, alimtazama yule mama.

"Mama yangu, ile si mifupa ya mtu. Ni ya plastiki, imetengenezwa kiwandani ili watoto wajifunze."

"Na machimboni waliniambia hivyo hivyo," mama akasema. "Kwamba hakuna mtu."

Ningekuwa mimi ningepaza sauti. Mwalimu akatoa ufunguo mfukoni. "Basi ingia, mama. Umshike mwenyewe."

Mlango ulipofunguka upepo ukaingia pamoja nasi. Kile kiunzi cha mifupa kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo ya chuma yenye magurudumu. Upepo ukakigusa, kikageuka kututazama, mkono ukanyanyuka kidogo kama mtu anayeitikia salamu. Shehe alianza kusoma dua akiwa ndani, akaimalizia akiwa nje. Kina mama walipita dirishani kama mbuzi waliomwona chui. Mtani wangu alikuwa wa kwanza kufika kwenye mlingoti wa bendera, na ndizi zake hakuziacha. Mimi nilibaki. Msinisifu, miguu ilikataa.

Na mama alibaki. Hakurudi nyuma hata hatua.

Nataka niseme nilichokiona, maana tangu siku hiyo sijakiona kitu kingine kikanikalia moyoni namna ile. Nilidhani mifupa ya mtu ni kama ya mbuzi wa Idi, vipande vya kuvunja na kunyonya. Kumbe ni jengo. Uti wa mgongo umepangwa pingili juu ya pingili, hakuna iliyo sawasawa na mwenzake, na zote zimekubaliana. Kiganja kina vijiwe vidogo vimeshonana, nikautazama mkono wangu uliokata mkonge nikajiuliza vijiwe hivyo vilikaaje kimya muda wote huo bila kuniambia vipo.

Mwalimu akaona macho yangu yameganda nyongani.

"Sogeza tu, mzee, haiumi."

Nikaushika mguu wa kushoto, nikauzungusha. Kichwa cha fupa la paja ni duara safi, kimeingia kwenye kikombe chake, kikazunguka bila kelele. Mimi beringi nazijua kuliko nijuavyo wanangu. Nimezinunua, nimezipaka grisi, nimezitupa.

"Mwalimu, kwa mtu aliye hai, grisi inatoka wapi?"

"Inajitengeneza humo humo, mzee. Mwili unajilainisha wenyewe."

"Nani anaikumbusha?"

"Haikumbushwi."

Beringi ya mashine, hata ukiipenda sana, misimu michache imekwisha. Na hii ya kwangu imebeba matita ya mkonge, imebeba magunia, imenipeleka msikitini na kunirudisha, na mimi namlaumu aliyeiweka kwamba inalia kidogo asubuhi! Niliona haya, nikasema Subhanallah, na nilisema kwa sauti, mbele ya mwalimu, mtu mzima mimi. Wale wa nje wakaanza kusogea mlangoni, kwanza vichwa, kisha mabega.

Mama akampa mwalimu sanda amshikie, akauchukua mkono wa kushoto wa kile kiunzi kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbia. Akapitisha kidole kutoka kiwiko hadi kiganja, polepole, juu, chini, tena.

"Mwanangu alianguka kwenye mkorosho akiwa mdogo," akasema. "Aliuvunja hapa. Mzee mmoja akamfunga kwa vijiti, ukaunga na kinundu. Nilikuwa nikimwogesha nakigusa."

Akapitisha kidole mara ya mwisho. Mfupa ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho.

"Si yeye," akasema.

Nilidhani ataanguka, nikasogea. Hakuanguka. Alipandisha mkono hadi kichwani pa kile kiunzi, akakuta zile alama za mifupa ilivyoshikana, zimepindapinda kama mshono wa mkono.

"Hapa ndipo utosi unapofungia?"

"Ndipo hapo, mama," mwalimu akasema. "Mtoto huzaliwa vipande havijakutana. Vinakutana taratibu anavyokua."

"Nilikuwa naupaka mafuta," akasema. "Nauona unapumua. Sikujua kama chini yake kuna anayeshona."

Wale wa mlangoni wakaingia ndani mmoja mmoja. Hata mtani wangu.

Kisha akamgeukia mwalimu akauliza swali ambalo sisi wengine tusingethubutu. "Mwanangu, kile kinundu. Mtu akishakufa, akawa udongoni siku nyingi, hupotea?"

Nikamwona mwalimu anachagua kusema kweli. "Nyama hupotea, mama. Mfupa ulioungana hubaki na alama yake. Ulipovunjika hupona kwa kuwa mnene zaidi. Ukiukuta hata baada ya miaka mingi, unajua huyu aliwahi kuvunjika, na kwamba alipona."

"Kwa hiyo huko aliko, kinundu changu anacho."

"Anacho, mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyehesabiwa mzigo ukatimia. Halafu akageuka kutafuta shehe, aliyekuwa amefika katikati ya chumba akijifanya hakuwahi kutoka.

"Shehe, niswalieni mwanangu."

Hapo mtani wangu ndipo alipopata sauti. Alikizunguka kile kiunzi, akakigonga kifuani kwa kidole, kikalia kama ndoo tupu. "Kumbe Mzigua akifa anakuwa plastiki! Ndiyo maana mlipokuwa hai hamkuwa na uzito! Na huyu mwembamba hivi, mlimnyima ugali, au mwenye mashine alimpunja unga?"

Yule mama alicheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, akiegemea meza ya maabara, na kina mama wakacheka naye, kisha wakalia naye, na mtani akapokea vigelegele na matusi yake kwa pamoja, kama ilivyo haki yake. Matanga ya yule kijana yalianzia hapo, kati ya chupa za kemia.

Adhuhuri tulijipanga msikitini. Swala ya jeneza haina kurukuu wala kusujudu, ni kusimama tu, na siku ile mbele yetu hapakuwa na jeneza. Nimeswalia maiti wengi katika maisha yangu, mara nyingi nikiwaza mvua au bei ya dizeli. Safari hii niliangalia safu iliyokuwa mbele yangu, migongo ya watu ninaowasagia kila wiki, nikaona pingili chini ya kanzu, mabega yametundikwa, nyonga zimekaa katika vikombe vyake, zote zinajilainisha wala hakuna anayezikumbusha. Na mahali fulani chini ya ardhi ya Handeni kijana mmoja naye amepangwa vivyo hivyo, na kinundu chake. Takbira ya mwisho ilinikuta sijui nilipo.

Tulipotoka, mama alikuwa amekaa na wenzake, sanda mapajani, anaikunja upya. Nikamuuliza, "Dada yangu, hiyo tuipeleke wapi?"

"Haiendi popote," akasema. "Hii sasa ni ya kwangu mwenyewe."

Siku chache baadaye nikazima injini mashineni nikatoa taarifa yangu. Nikasema shule itafunguliwa, choo kimeezekwa, maharage yanahitajika. Kuhusu maiti sikuhitaji kusema, maana yule mama mwenyewe alikuwa kwenye foleni na debe lake. Bibi mmoja wa mbali, ambaye hakuwa amesikia, akamuuliza kama ni kweli shuleni kuna mifupa.

"Ipo," akamjibu. "Mpeleke mjukuu wako akaione. Nawe umsindikize."

Kisha akanigeukia. "Mzee wa mashine, washa."