Maji ya Mguu wa Kushoto

Nitakueleza jambo lililotokea nyumbani kwetu, mtaa wa Kasuku, hapa mjini Kindu. Lilitokea mchana, jua linawaka, na mimi nikiwa macho kabisa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekaa barazani nachagua mawe kwenye mchele. Ukitaka kusema nimetunga, sema, sitakasirika. Lakini mama yangu yuko hai, nenda ukamuulize. Atakujibu kwa ukali, ila atakujibu.

Kwanza nikuulize wewe. Una kitu gani cha ajabu unachokifanya ambacho hukitolei maelezo kwa mtu? Usikatae, kila mmoja ana chake. Jirani yetu Mama Sifa akifunga mlango lazima aondoke hatua kidogo, kisha arudi kukigusa kitasa, ndipo aende zake. Marehemu mume wangu alikuwa hawezi kula wali mpaka aupigepige kwa mgongo wa kijiko ulale sawa. Mimi mwenyewe ni mshonaji, na siwezi kuacha sindano bila uzi. Nikiiona iko tupu, usingizi hauji. Tukiulizwa, tunacheka na kusema ni mazoea tu, na maneno yanaishia hapo.

Sasa, kaka yangu Amisi, mkubwa wetu, yaya kama tunavyosema huku, alikuwa na lake. Kabla ya kutoka nyumbani alichota maji kwa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, akakigonga kwa ukucha, ting ting, akanywa nusu. Nusu iliyobaki aliumwagia mguu wake wa kushoto. Huo mmoja tu. Hata akitumwa sabuni hapo karibu, hatoki mpaka amefanya hivyo. Mimi nilimcheka mpaka mbavu ziniume.

"Yaya, unaosha muguu moja, ile ingine ni ya nani?"

"Siioshi, mudogo. Muguu nayo iko na kiu. Ya kuume inajua njia. Ya kushoto njo inasahau. Ukiipatia maji ya nyumba, itakurudisha hata uende wapi."

Hakufundishwa na mtu. Alijitungia akiwa mtoto, baada ya kupotea sokoni na kurudishwa analia, na akakua nalo. Mama hakumkataza. Alisema ni afadhali mtoto anayepoteza maji kuliko anayepoteza akili.

Vikaja vita. Waliokuwa hapa Kindu miaka ile hawahitaji kuelezwa, na ambao hawakuwepo sijui niwaeleze nini. Mji ulifungwa. Treni haikuja, mashamba yalikuwa huko nje na huko nje ndiko walikokuwa watu wenye bunduki. Chumvi tulikuwa tunailamba kwa ncha ya kidole, na sombe, yale majani ya mihogo, tuliyapika bila chochote. Mama alikonda hadi pete yake ikawa inaanguka kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Asubuhi moja Amisi alisema anavuka mto kwenda Alunguli na wenzake, kuna shamba la mihogo wamelisikia. Alichota maji yake, akagonga kikombe, akanywa nusu. Wakati huohuo wenzake wakamwita kwa nguvu kutoka njiani: mtumbwi unaondoka, na mpiga kasia hataki kusubiri kwa sababu ya askari. Amisi akaangalia kikombe, akaangalia njia. Akampa Mama kikombe mkononi.

"Mama, unichungie. Nitakuja kumaliza."

Akakimbia. Mguu ulikuwa mkavu. Hatukumwona tena, wala yeye wala wenzake, wala hatukuletewa habari ya maiti.

Ndipo Mama naye akapata lake. Alikiweka kile kikombe juu ya kigoda karibu na mlango, akakifunika kwa kisahani. Kila asubuhi aliyamwaga maji ya jana kwenye mboga zake za lengalenga nyuma ya nyumba, akaweka mapya, nusu kikombe, akafunika. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa. Vita vilikwisha, treni ikarudi kwa kusuasua, mimi nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikarudi kwa Mama, na kikombe bado kiko pale. Macho yake yakaingia ukungu, akawa anaona mwanga na vivuli tu, lakini kikombe alikijaza kwa kupapasa.

Matanga ya Amisi alikataa. Wazee wa msikiti walikuja, wakazungumza naye kwa upole, wasome hitima, roho ya kijana ipumzike. Mama aliwapa chai, akawaambia, "Mutoto alisema anakuja kumaliza. Munataka nimufanye kuwa muongo?" Wakanywa chai, wakaenda. Iliniuma sana, nakwambia. Mtu aliyekufa analiliwa, na aliye hai anangojewa, lakini Mama alikuwa anazeeka katikati ya hayo mawili, na mimi nilikuwa nazeeka pamoja naye.

Basi, kiangazi cha mwaka juzi, mimi na mchele wangu barazani, Mama ndani amejilaza kwenye mkeka. Nikasikia hodi. Nikainua macho. Alikuwa kijana, mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, miguu mitupu, imejaa vumbi. Hakufanana na Amisi hata kidogo, naomba unielewe vizuri hapo. Amisi alikuwa na uso mpana na mwanya. Huyu uso wake ulikuwa mrefu, na meno yamebanana.

"Karibu, baba. Unatokea wapi?"

"Upande wa Lokandu. Ninatembea kwa miguu. Unipatie maji, mudogo."

Mudogo. Mimi ambaye nina mvi, na yeye ningeweza kuwa nimemzaa. Nikasema moyoni, vijana wa siku hizi hawana adabu, na nikaenda kumchotea maji kwenye bidoni, dumu letu la maji, kwa kikombe cha plastiki. Maji hatumnyimi mtu, hata asiye na adabu. Na Lokandu, kama hujui, ni huko mto wetu unakoelekea.

Nilipogeuka, alikuwa ameshaondoa kisahani. Kikombe cha bati kilikuwa mkononi mwake. Nikafungua mdomo kumkemea, na kabla neno halijatoka akakigonga kwa ukucha. Ting ting. Akanywa. Akatazama chini, akamimina yaliyobaki juu ya mguu wa kushoto, taratibu, kama anavyomwagilia mtu mche.

Niliyaona maji yakianguka juu ya mguu. Sikuyaona yakifika chini. Ardhi ya pale kwetu ni vumbi jekundu, tone moja tu linaacha doa. Haikulowa. Mguu uliyanywa yote, na vumbi lake likabaki vilevile.

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Sijui. Hofu ilikuwepo, lakini ilikaa mbali kidogo, mimi nikawa natazama tu. Kutoka ndani nikasikia sauti ya Mama, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza kama chai imechemka.

"Amisi, umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama. Munipatie njia."

Hapa lazima nieleze, kwa maana mambo yote yaligeukia hapo. Kwetu mgeni haondoki kimyakimya. Anaomba njia, na mwenye nyumba akiitoa, anamshindikiza. Anatembea naye mpaka mahali, wanaagana, yeye anarudi. Kumwacha mgeni aende peke yake ni sawa na kumfukuza. Na asubuhi ile ya vita Mama hakumshindikiza mtoto wake. Alibaki amesimama na kikombe mkononi.

Nikamsikia anainuka. Akatokea mlangoni anajifunga kikwembe kizuri, kile cha sherehe. "Viatu yangu iko wapi? Ninashindikiza mutoto."

"Mama, jua kali," nikasema. "Acha nimushindikize mimi."

"Miye njo mama yake."

Nilimwangalia usoni, na moyo wangu ukavunjika, maana sikuwa nimeuona uso ule tangu kabla ya vita. Alikuwa na furaha. Mtu mwenye furaha namna ile anayemfuata mtu wa namna ile, unafikiri anashindikiza mpaka wapi? Mimi nilijua. Nilijua kwamba Mama akifika mtoni hatarudi, na kwamba itakuwa kwa kupenda kwake mwenyewe. Kumzuia kwa nguvu nisingeweza. Mama yako humkamati mkono mbele ya mgeni.

Alikuwa ananyoosha mguu kutafuta ndara. Na mkononi mwangu bado nilikuwa na kile kikombe cha plastiki, maji yamejaa. Nikainama kama mtu anayemsaidia kuvaa, nikamwaga yote juu ya mguu wake wa kushoto. Mimi, niliyecheka utoto wangu wote. Yalitiririka katikati ya vidole, yakafanya matope, vumbi likageuka jeusi. Matope yale niliyafurahia kuliko kitu chochote.

Mama aliguna. "Unanilowesha."

Kijana alikuwa ananitazama.

Tukaenda. Yeye mbele, Mama ameshika bega langu. Mama Sifa alikuwa amekaa mlangoni kwake. "Muko mbili tu na hii jua, munaenda wapi?" Mbili. Nikamtazama yule kijana, yupo pale mbele yetu, mgongo wa shati umelowa jasho kama la mtu yeyote. Nikajibu kwamba tunanyoosha miguu.

Mtoni mtumbwi mmoja ulikuwa unajaza watu wa Alunguli. Kijana aliingia, akakaa mbele kabisa. Mama akaniachia bega. Hakuniaga. Aliinua mguu wa kuume akauweka ndani ya mtumbwi, mwepesi kama msichana, na mpiga kasia akampa mkono. Wa kushoto ulibaki kwenye matope ya ukingoni.

Akauvuta. Haukuja.

Akajaribu tena, ameshika mkono wa mpiga kasia, watu wanangoja. Mimi sikumgusa, naapa. Nilisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Mama, panda ao shuka," mpiga kasia akasema.

"Muguu inakataa," Mama akasema polepole. Kisha akageuza macho yake ya ukungu kuelekea mbele ya mtumbwi. "Amisi, muguu inakataa."

"Basi urudi, Mama. Umenishindikiza."

Sauti hiyo ilikuwa ya kaka yangu. Uso ule mrefu, meno yale yaliyobanana, na sauti ya yaya wangu ikitoka humo. Nililia pale, wazi, bila kujificha.

Mama akatoa mguu wa kuume ndani ya mtumbwi, na wa kushoto ukamfuata bila taabu. Wakaondoka. Nilimwangalia yule kijana mpaka wakafika katikati ya mto. Hapo mama mmoja aliyekuwa amepakata kuku akasogea mbele kutafuta nafasi, akakaa palepale alipokuwa amekaa yeye, na hakuna aliyemwambia sogea. Siku ya pili nilimuuliza mpiga kasia. Alisema ile nafasi ya mbele ilikuwa wazi tangu ukingoni.

Unaweza kusema, kama Amisi aliunywesha mguu maji ya nyumba, mbona hakurudi tena? Nimelifikiria sana hilo. Naona maji yale yalikuwa ya safari ya asubuhi ile ya vita, hayakuwa ya safari mpya. Alisema atakuja kumaliza, akaja, akamaliza. Hakuwa muongo.

Tulirudi. Nyumbani Mama alipapasa kigoda, akachukua kikombe, akaninyooshea. "Uoshe hii, uweke na zingine. Kisha uite wale wazee." Tukafanya matanga ya Amisi, tukasoma hitima, Mama akalia kana kwamba habari imefika asubuhi hiyohiyo. Siku hizi wajukuu wananywea maji kikombe kile, na hakuna anayewakataza.

Mimi sitoki tena nyumbani bila kuunywesha mguu wangu wa kushoto. Watoto wangu wananicheka, na mimi nawaambia wacheke tu. Lakini wewe unayenisikiliza, nakuonya: mtu wa nyumbani mwako akisimama mlangoni anafanya kile kitu chake cha kipuuzi, usimwite, usimharakishe. Mtumbwi na uende. Mwache amalize.

Na mgeni akija na mazoea ya mtu wenu uliyempoteza, mpe maji. Kisha uangalie ardhi.

Mama tangu siku ile amekuwa mkali kwangu, ukali wa chinichini. Juzi nilikuwa namnawisha miguu, akausogeza mguu wake pembeni. "Siku ile ulinifunga," akasema. "Siku yangu ikifika, muguu hii usiipatie maji. Uniache niende."

Nilingoja mpaka aliposahau, nikaanza na wa kushoto, kama ninavyofanya kila asubuhi. Anajua. Na kesho nitaanza na huohuo.